Pamba Iliyoota Nyuma ya Banda la Kuku

Juzi mke wa jirani yangu alisahau ufuta jikoni. Alikuwa anaukaanga, akaitwa na mtu barabarani, mazungumzo yakamnogea, na moshi ukaingia kwangu kabla yeye mwenyewe hajaunusa. Mimi nilikuwa mkekani nachambua mbaazi. Mbegu inayokaangwa ikipitiliza kidogo ina harufu yake ya pekee: mwanzoni inakutia njaa, halafu ghafla inakuwa chungu kooni. Niliweka ungo chini. Jirani alipokuja kuniomba radhi alinikuta nafuta macho, akadhani ni moshi, nami nikamwacha adhani hivyo. Ninyi mnaosoma nitawaambia nisilomwambia yeye.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, au labda kumi. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Kitomanga kuelekea bara, watu walihesabu misimu, na msimu ninaousema ulikuwa wa mwisho kabla ya vita vya Maji Maji. Mama yangu alifariki wakati wa kunizaa. Baba alichukuliwa na Wadachi, ndivyo tulivyowaita Wajerumani, awe mpagazi wa safari ya bara, na safari ile haikumrudisha. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nikae wapi. Nilikaa kwa mama yake mama, Bibi Somoe. Nyumba nzima tulikuwa wawili, pamoja na kuku.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyomlazimu mtu ainame ili asikie. Alikuwa kungwi mkuu. Wasichana wote wa kwetu na wa vijiji viwili vya jirani waliwekwa ndani na kufundwa na yeye, na mama zao kabla yao. Nilidhani kazi yake ni ngoma tu. Sikujiuliza kwa nini Jumbe wetu, mzee mwenye wake wanne na majiko manne, alikuwa kila asubuhi yenye shauri gumu anakuja kwetu kuomba kaa la moto. Alikuwa akichuchumaa mekoni, akilizungushazungusha lile kaa kwenye kigae, na wakati anaondoka limeshazima. Bibi alikuwa akimwambia, "Jumbe, moto umekufia tena." Naye hujibu, "Ndiyo, lakini nimeota vya kutosha."

Mwaka ule ilikuja amri ya pamba. Akida wetu, msimamizi aliyewekwa na Wadachi, alikuwa mtu wa Kilwa, mwenye kanzu safi na mwavuli mweusi, na kila alipokuja aliandamana na askari wawili. Alitangaza kwamba kijiji kitalima shamba moja la pamoja la serikali. Wanaume wafyeke, wanawake wapande na kupalilia. Kijiji cha jirani kilikuwa kimelima mwaka uliotangulia, pamba ikakubali vizuri sana, na zawadi waliyopata ni kuongezewa shamba likawa mara mbili. Huku nyuma mtama wao uliliwa na nguruwe, maana hapakuwa na mtu wa kuulinda. Niliwasikia wanawake kisimani wakisema neno moja tu, wakilirudia kama watu wanaoonja chumvi: pamba hailiwi.

Mbegu zilipofika, Jumbe alizileta kwetu, kwa kuwa Bibi ndiye aliyeongoza wapandaji. Vikapu sita vilipangwa ukutani. Nilivutiwa navyo mno. Mbegu za pamba, kwa asiyezijua, zina manyoya ya kijivu kama vifaranga wasiotimiza siku mbili. Bibi alipotoka nikachukua konzi moja nikaificha chini ya kitanda changu. Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu kuwa na kitu cha kushikashika.

Kesho yake ngoma ya unyago ikalia. Jambo hili liliwashangaza wanaume, kwa sababu kwetu unyago huchezwa baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na njia zimekauka. Huu ulikuwa wakati wa mvua.

"Unyago masika!" Jumbe alimwambia Bibi, mbele yangu. "Mtacheza kwenye tope kama bata?"

"Mtoto akivunja ungo haulizi mawingu," Bibi alijibu. "Sikuzani yuko tayari. Au nimwambie arudi utotoni mpaka mtama uive?"

Sikuzani alikuwa binti wa jirani yetu, na kweli alikuwa amefikia. Jumbe akacheka, akaenda zake. Wanawake wakajenga kibanda cha mwali ukingoni mwa msitu, wakaingia humo na chungu kikubwa, kuni na ngoma. Siku mbili zilizofuata nikaona vile vikapu sita navyo vinapelekwa huko, vimefunikwa kaniki. Hakuna mwanamume aliyethubutu kukikaribia kibanda kile. Hata askari wa akida, wenye bunduki, walipopita njia ile waligeuza nyuso na kuharakisha, maana nao walikuwa na mama zao.

Mimi nilibaki peke yangu. Bibi aliniachia ugali uliofunikwa kwa ungo, akarudi jioni amechoka, akalala. Wavulana wenzangu walikuwa mashambani na kaka zao wakifukuza ngedere. Mimi sikuwa na kaka wa kunichukua. Nilikaa kizingitini nikisikiliza ngoma na vigelegele vya watu wote niliowajua, wakifurahi mahali nisipoweza kwenda. Upepo ukigeuka, ilikuja harufu.

"Bibi, mnakaanga nini kule?"

"Dawa ya mwali."

"Inanukia njugu."

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Kula."

Ni katika siku zile nilipozipanda mbegu zangu. Nilichimba vishimo nyuma ya banda la kuku, mahali penye mbolea, nikazifukia, nikazungushia miba. Nilimwagilia kila asubuhi kwa kifuu. Zilipoota, majani mawili mawili ya duara kama masikio ya mtoto wa paa, niliona kwamba nimefanya muujiza. Nilizisalimia moja moja. Mtacheka, lakini nilikuwa nazipa habari za nyumbani: leo Bibi kachelewa, leo jogoo kapigana. Miche ile ilinisikiliza kuliko mtu yeyote kijijini.

Wakati huo huo wanawake walipanda lile shamba kubwa. Walipanda vizuri, kwa mstari, huku wakiimba, na akida amesimama chini ya mwavuli anaridhika. Siku zikapita. Yakaota magugu. Akida aliporudi, wanawake walimpokea kwa vilio. Mama yake Sikuzani alichota udongo akauacha umwagike kati ya vidole. "Bwana akida, ardhi ya huku hata mtama hukubali kwa kubembelezwa. Sembuse mgeni huyu?"

Akida akaagiza mbegu nyingine. Zilipokuja, msichana mwingine akawa amevunja ungo. Wanaume barazani wakatania kwamba mwaka huu mabinti wanaiva kama mabungo, yote kwa pamoja. Ngoma ikalia tena, harufu ikaja tena, shamba likapandwa tena, na magugu yakaota tena.

Safari ya tatu akida alikaa barazani kwa Jumbe na kijiji kizima kikakusanyika, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Bibi mbele yao ameinamisha uso. Akida hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka na tope.

"Nitakwenda pwani," alisema, "nimwambie Bwana Mkubwa kwamba udongo wa hapa ni jivu. Shamba lihamishiwe kwingine, ninyi mrudi kwenye mtama wenu." Akatazama huku na huku. "Lakini ataniuliza. Miezi yote hii, hata mche mmoja? Hapana hata mche mmoja wa kumwonyesha?"

Nilinyanyuka nikakimbia.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitaka kuwasaidia, kwamba nilimwona Bibi ameinamisha uso nikamhurumia. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Si kweli. Sikumfikiria Bibi hata kidogo. Nilifikiria jinsi watu wote wale, walioniacha kizingitini, watakavyonigeukia na kunitazama.

Nilichagua mche mkubwa kuliko yote, ulionifika magotini, nikaung'oa na udongo wake, nikautia kwenye kifuu. Nikapita katikati ya watu nimeushika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba, mwanangu." Aliupokea, akauzungusha. "Nani kauotesha?"

"Mimi. Nyuma ya banda la kuku. Iko mingine sita."

"Na mbegu ulipata wapi?"

"Kapuni kwa Bibi. Kabla hazijapelekwa unyagoni."

Nilingoja kusifiwa. Akida aliniangalia, akaangalia wanawake, akauangalia tena ule mche, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu anayekumbuka alikoacha kitu.

"Unyago wa masika," alisema, kwa sauti ndogo. "Na mimi mtoto wa mwambao, nimelelewa na makungwi, nikapita njiani nikageuza uso."

Akainuka, akaenda shambani nasi tukamfuata. Alichokoa udongo kwa fimbo, akapata mbegu, akaipasua kwa kisu. Ndani ilikuwa ya rangi ya kahawa. Akapasua nyingine, na nyingine. Nje zilikuwa na manyoya yao kama kawaida, maana zilikaangwa na mtu anayejua moto, kiasi cha kuua kiini bila kuunguza ganda.

"Kungwi mkuu ni nani?"

Bibi alijitokeza kabla hajamaliza kuuliza. "Ni mimi, Somoe. Nilizikaanga mwenyewe. Hawa walipanda walichopewa."

Nyuma yake wanawake wakaanza kutikisika. Mama yake Sikuzani alikwisha piga hatua. Bibi hakugeuka. "Rudi, shoga," alisema. "Aliyeinjika chungu ni mmoja." Na mama yule akarudi.

Askari walipoleta kamba, Bibi aliomba aniage. Akida akakubali. Alinijia, akainama, jambo ambalo hakuwa na haja nalo kwa ufupi wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Ulizimwagilia kila siku?"

"Kila siku, bibi. Hata mvua ikinyesha."

"Hata mvua ikinyesha," akarudia, na akacheka kidogo. Kisha akainuka, akawatazama wanawake wenzake. "Huyu mtoto alipata mbegu, akaotesha. Aliyeotesha hana kosa. Mmesikia?"

Wanawake wakapiga kofi moja, wote kwa pamoja. "Tumesikia."

Mimi nilidhani wananishangilia.

Walimwongoza njia ya pwani wakati jua limepanda. Akida alikuwa amempa askari mmoja ule mche wangu aubebe kama ushahidi, na ili usinyauke akamwamuru aufunike kwa mwavuli. Kwa hiyo nilichokiona mpaka kona ya njia ni pamba yangu inayokwenda kivulini na Bibi anayekwenda juani.

Hakurudi. Kabla ya mavuno tuliletewa habari kwamba bomani walimpa kazi ya kubeba mawe, kwamba homa ilimshika, kwamba alizikwa huko huko. Pamba ilipandwa upya, safari hii askari wakisimamia kila shimo, nayo ikakubali kama ilivyokubali nyuma ya banda la kuku. Baadaye shamba likaongezwa.

Hakuna mtu aliyenipiga, wala kunitukana. Ningeomba kupigwa kama ningejua kuomba. Kila siku, alasiri, nilikuta bakuli la chakula mlangoni limefunikwa. Leo la nyumba hii, kesho la nyumba ile. Nilijifunza kuyatofautisha kwa nyufa zake. Aliyelileta hakupiga hodi. Nikikutana na wanawake kisimani walinipisha niteke kwanza, mazungumzo yakakatika, na nikishaondoka nikayasikia yanaanza tena nyuma yangu. Watoto walicheza nami wakiwa mbali na mama zao tu, halafu wakaacha. Niling'oa ile miche sita iliyobaki na kuwapa mbuzi wa Jumbe. Tangu hapo sikuwa na wa kumpa habari za nyumbani.

Vita vilifika msimu uliofuata. Watu walitoka vilima vya Umatumbi na maji ya dawa, wanaume wa kwetu wakanyunyiziwa, wakaingia shambani wakang'oa pamba kwa mikono, wakiimba, kisha wakaenda kupigana na bunduki. Wengi wenu mnaijua habari hiyo kuliko mimi. Jumbe alikufa, na wanaume wengi. Askari wakachoma ghala na mashamba, na njaa ikaja. Tulichimba ming'oko, viazi vya porini, mpaka ming'oko yenyewe ikawa haba. Watoto walizikwa wawili wawili. Na hata katika njaa ile bakuli lilikuja mlangoni kwangu kila siku. Siku nyingine lilikuwa na nusu ya kipande cha mng'oko, au maji yaliyochemshiwa majani. Lakini lilikuja, nami nikala, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye njaa, na sikuuliza limepunguzwa kwa nani.

Vita vilipokwisha, serikali ilitafuta watoto wa kupeleka shule ya pwani. Kila mama alimficha wake. Mimi hakuna aliyenificha. Nikasoma, na Waingereza walipoingia nikapata mafunzo ya ualimu, nikawa mwalimu, nikafundisha mpaka Uhuru na baada yake. Nilifundisha vita vya Maji Maji kila mwaka. Niliwaandikia watoto ubaoni majina ya viongozi, waliopigana na walionyongwa, wote wanaume, nao wakayanakili. Sikuwahi kuandika jina la Somoe. Sikuwahi kuwaambia kwamba kijijini kwetu vita vya pamba vilianza mwaka mmoja kabla ya maji ya dawa, ndani ya kibanda cha mwali, na kwamba vilikaribia kushinda bila tone la damu. Nisingeweza kumtaja bila mtu kuuliza alikamatwaje.

Mwaka juzi nilikwenda kijijini kwa maziko. Nilimkuta Sikuzani, yule mwali wa masika, sasa mkongwe asiyeona vizuri, amekaa peke yake ukumbini. Nilimwamkia nikajitaja. Alivuta kanga yake mabegani, nikadhani hata yeye atanipisha niende.

"Wewe umeota nywele nyeupe pia," alisema mwishowe. "Kaa."

Nikakaa. Nilimwuliza swali nililolibeba tangu utoto: kwa nini walinilisha.

"Hukujua?" Aligeuza uso kunitafuta. "Siku ile alituapisha. Neno la kungwi likijibiwa kwa kofi moja halivunjwi. Akida amesimama pale pale na wala hakuelewa. Alisema huna kosa, basi usiye na kosa ni mtoto wetu, na mtoto wetu anakula. Mama yangu alikuwa na zamu yake. Wakati wa njaa alikatia bakuli lako katika chakula cha mdogo wangu wa kiume."

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Hakuivuka njaa."

Watu walikuwa wanasoma dua uani. Baadaye nikasema, na ninaona haya kwamba nililisema, lakini nililisema: "Mbona hamkunisemesha?"

"Hilo hakutuapisha," alijibu Sikuzani, bila ukali. "Yeye alisema huna kosa. Sisi tuliona unalo. Tukatii la kwake, tukabaki na letu."

Nilimwambia kwamba nataka kumtaja Bibi mbele ya watoto wa shule, wajue kwamba wanawake wa hapa walifanya jambo. Alifikiri, akisugua magoti yake.

"Mtaje," alisema. "Lakini usianze na ushujaa wake. Anza na mche wako, ndipo ufike kwake. Ukianza na yeye utajificha nyuma yake, na alikwisha kukuficha mara moja."

Ndiyo maana nimeyaandika kwa utaratibu huu. Miaka yote nilidhani siku ile Bibi alipoteza kila kitu kwa ajili yangu, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa huruma ya ajuza kwa mjukuu mjinga. Kumbe alikuwa kazini. Alikuwa na pumzi chache za ukungwi zimebaki, shamba limeshamponyoka, kamba inasubiri, na mbele yake wanawake ambao kwa haki kabisa wangeniacha nife mlangoni. Akapima upesi kipi bado kinaweza kuokolewa, akakiokoa. Kilikuwa mimi. Mwanamke aliyeweza kukizuia kijiji kizima kisilimie Wadachi pamba, jambo la mwisho alilolitawala ni bakuli langu, na amri yake ilidumu kuliko ghala, kuliko Jumbe, kuliko boma lenyewe. Mdogo wake Sikuzani aliilipia. Jina lake sikuwa nimeuliza, na nilipokumbuka kuuliza, Sikuzani alikuwa amesinzia.